Kupima unene na mafuta ya mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya wanakuja na namba mkononi: kilo walizosoma kwenye mizani, asilimia ya mafuta waliyopewa jimu, au neno "kiribatumbo" (unene wa kupindukia) lililoandikwa kwenye cheti cha kliniki. Wanachotaka kujua ni kama namba hiyo inaaminika, na kama inawahusu. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa watu wazima wengi, mizani ya kawaida, futi ya fundi nguo, na kipimo cha presha na sukari vinatosha. Kabla ya kutoa pesa kwa mashine inayokutolea asilimia zenye nukta, soma kwanza majibu ya chini.

BMI ni nini, na hesabu yake inafanywaje?

BMI (kwa Kiingereza body mass index) ni uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuchukue mama mwenye kilo 82 na urefu wa sentimita 165. Urefu kwa mita ni 1.65, 1.65 mara 1.65 ni 2.72; 82 gawanya kwa 2.72 unapata 30.1. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani (WHO), chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni kiribatumbo. Kiribatumbo chenyewe kina madaraja: la kwanza linaishia 34.9, la pili 39.9, na 40 kwenda juu ni la tatu.

Sasa mwangalie tena mama huyo. Kama aliyempima urefu alikosea kwa sentimita moja, yaani ana 166 na si 165, BMI yake inakuwa 29.8 na jina linabadilika. Akipimwa na viatu, au na kitenge kizito, au baada ya chakula cha mchana, jina linabadilika tena. Mwili wake ni ule ule. Kwa hiyo mtu aliye karibu na mstari asishtuke wala asishangilie.

Nani aliyetunga BMI, na kwa nini watu wanaipinga?

Fomula ni ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa hisabati na elimu ya nyota, aliyeiandika miaka ya 1830. Hakuwa akitafuta wanene. Alitaka kujua "binadamu wa wastani" akoje. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake Marekani waliilinganisha na fomula nyingine kwa kupima wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakaona ndiyo nafuu, wakaipa jina tunalolitumia leo. Wanawake hawakuwemo kabisa.

Keys alikusudia itumike kulinganisha makundi ya watu, na huko inafanya kazi yake vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2014 ulipoonyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa Tanzania wa 2015–16 ulipoonyesha asilimia 28, kipimo kilikuwa BMI. Huwezi kuzunguka nchi nzima, kijiji kwa kijiji, na mashine ya eksirei. Shida inaanza kipimo cha kundi kinapogeuzwa hukumu ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari.

Nanyanyua vyuma. BMI yangu ni 28. Mimi ni mnene?

Huenda si mnene. BMI haijui kilo zako zimetoka wapi: misuli, mafuta, mifupa, au maji yaliyojaa miguuni kwa ugonjwa wa moyo, vyote kwake ni uzito. Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima ndani ya maji wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Wengi wao kwa jedwali la uzito la jeshi walikuwa wazito mno kuandikishwa, lakini mafuta yao yalikuwa machache.

Tunajibu hivi huku tukijua kuwa sababu ya "ni misuli" hutumiwa na watu wengi kuliko wenye misuli yenyewe. Kama mkanda wa suruali yako unapita chini ya tumbo, chukua futi upime kiuno kabla ya kuilaumu BMI.

Jirani yangu ni mwembamba kabisa, lakini ana kisukari cha aina ya pili. Inawezekanaje?

Inawezekana, na kuna mfano mashuhuri. Mwaka 2004 madaktari wawili marafiki, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao kwenye jarida la Lancet. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3, namba ambayo kila kliniki ingeipongeza. Walipopimwa mafuta, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. BMI moja, mwili tofauti kabisa.

Kinacholeta madhara makubwa ni mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini, kongosho na matumbo. Hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari, presha, ini lenye mafuta na maradhi ya moyo. Mafuta ya makalio na mapaja, yanayoonekana zaidi kwa macho, yana madhara kidogo kwa kulinganisha. Ndiyo maana mama mwenye nyonga pana na kiuno kidogo anaweza kuwa salama kuliko mwanaume mwenye miguu kama fito na tumbo la kitambi.

Mipaka ni hiyo hiyo kwa Mwafrika, Mhindi na Mzungu?

Hapana, na jibu halijakamilika. Kwa watu wenye asili ya Asia, mkutano wa wataalamu wa WHO uliochapisha mapendekezo yake mwaka 2004 ulitaja 23 na 27.5 kuwa alama za kuchukua hatua, kwa sababu kwa BMI ile ile wao huwa na mafuta mengi zaidi, hasa tumboni. Hili linawahusu moja kwa moja familia za asili ya Kihindi zilizoko Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala: mzee wa BMI 24 anayeambiwa "uko sawa" anastahili kupimwa sukari.

Kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara hakuna mipaka ya kiuno iliyokubaliwa ya kwao wenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka mipaka ya kiuno kwa kila asili ya watu, katikati ya miaka ya 2000, kwetu liliandika kwamba tutumie ya Wazungu hadi takwimu zipatikane. Tunaitumia mipaka hiyo kwa kuwa ndiyo iliyopo. Daktari au afisa lishe akikuambia mpaka wa sentimita 94 ni "wa kisayansi kabisa" kwa mwanaume wa Kigoma, amezidisha.

Kiuno kinapimwa wapi hasa? Kila mtu ananipima pake.

Swali zuri, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Kiuno cha daktari si kiuno cha suruali. Mwanaume mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, akasema anavaa 36 tangu alipooa, na ni kweli, kwa kuwa suruali imekuwa ikishuka kadiri tumbo linavyokua. Fundi nguo naye hupima pale nguo itakapokaa.

Fanya hivi. Vua au kunja nguo hadi ngozi ionekane. Usipime juu ya fundo la khanga. Simama wima, miguu karibu, mikono pembeni. Bonyeza ubavuni kwa vidole utafute ubavu wa mwisho chini, uweke alama kwa kalamu. Shuka utafute ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo WHO inapotaka futi ipite. Kwa mtu mnene sana mifupa haipatikani kwa urahisi. Bonyeza taratibu, muulize anasikia wapi, usikisie kwa kitovu, maana kitovu cha tumbo kubwa hushuka.

Zungusha futi, uhakikishe mgongoni haijashuka wala kupinda (kioo, au mtu wa kukuangalia, vinasaidia sana hapa). Iguse ngozi bila kuibana. Vuta pumzi, itoe kawaida, na usome mwishoni mwa kutoa. Hapo ndipo watu huvuta tumbo ndani. Muongeleshe mpimwaji kidogo, atalisahau. Pima mara mbili. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, rudia.

Kwa wanaume, zaidi ya 94 ni hatari iliyoongezeka na zaidi ya 102 ni hatari kubwa. Kwa wanawake ni 80 na 88. Futi yenye inchi peke yake nayo inafaa: 94 ni inchi 37, na 80 ni inchi 31 na nusu. Angalia pia futi yenyewe. Zile za plastiki zilizotumika miaka mingi hutanuka. Ilinganishe na rula ya shule.

Uwiano wa kiuno na nyonga, na ule wa kiuno na urefu: nitumie upi?

Wa kiuno na urefu, kama unataka mmoja. Wa kiuno na nyonga una mipaka ya WHO (0.90 kwa wanaume, 0.85 kwa wanawake) lakini unahitaji vipimo viwili vinavyokosewa, na mtu akipungua kote kiuno na nyonga, uwiano unabaki pale pale kana kwamba hakufanya kitu.

Kiuno na urefu ni rahisi zaidi: kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilianza kupendekeza hili kwa watu wazima mwaka 2022: 0.5 hadi 0.59 ni hatari iliyoongezeka, 0.6 kwenda juu ni hatari kubwa. Huhitaji hata futi. Chukua kamba, ikate iwe na urefu wako kuanzia utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati iwe nusu, kisha izungushe kiunoni pale tulipoonyesha. Ncha zisipokutana, umeshapata jibu. Kwa mikutano ya vijijini au vikundi vya akina mama tunaona hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayesomewa kilo zake mbele ya watu.

Mashine ya jimu imeniandikia mafuta 34.7%. Niiamini?

Kwa kiasi. Ukisimama kwenye zile sahani za chuma, mashine inapitisha umeme dhaifu usiousikia, kutoka mguu mmoja hadi mwingine; zenye mishikio hupitisha na mikononi. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia. Kitu pekee ambacho mashine imekipima ni kile kizuizi. Baada ya hapo ni hesabu tupu. Kwa kutumia kizuizi, urefu, umri na jinsia uliyoingiza, inakadiria maji ya mwilini. Kwa kuwa sehemu ya mwili isiyo mafuta kwa kawaida ina maji takriban asilimia 73, inakadiria sehemu hiyo ina kilo ngapi. Inazitoa kwenye uzito wako, na kilichobaki inakiita mafuta. Makosa ya kila hatua yanarundikana kwenye baki hilo la mwisho, halafu linachapishwa na nukta moja kana kwamba ni bei ya sokoni.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Kiwiliwili kina karibu nusu ya uzito wako, lakini kwa kuwa ni kipana na kifupi huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya kizuizi chote. Mashine "inasikia" miguu na mikono. Kitambi, ambacho ndicho kinachotupa wasiwasi, ndicho inachokiona kwa shida.

Ukitaka kuijaribu, pima, kunywa chupa ya maji ya nusu lita, pima tena papo hapo. Uzito utapanda nusu kilo, kizuizi hakitabadilika sana, na mashine itakuhesabia sehemu kubwa ya maji hayo kuwa mafuta. Aliyefunga Ramadhani akipimwa alasiri, mwili umepungukiwa maji, naye anasomeka na mafuta zaidi ya aliyonayo. Anayetoka kukimbia, ngozi ikiwa bado na joto na damu, anaweza kusomeka kinyume chake. Nyayo kavu zenye magaga nazo huharibu mguso na zile sahani.

Hata hivyo mashine hiyo ina faida moja: kukulinganisha wewe na wewe. Pima asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula na kunywa, mashine ile ile, na uangalie mwelekeo wa miezi, si tofauti ya Jumatatu na Alhamisi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asikanyage kabisa, na watengenezaji wengi huwashauri wajawazito wasitumie.

Karatasi ile ile inasema "mafuta ya ndani: 9" na "umri wa mwili: 47". Maana yake?

Hiyo 9 ni kipimo cha mtengenezaji mwenyewe, kisichokuwa na kizio. Ya kampuni nyingine haiwezi kulinganishwa nayo. Mafuta ya ndani ya tumbo hupimwa kweli kwa CT scan au MRI, ambapo daktari huyaona na kupima eneo lake kwa sentimita za mraba. "Umri wa mwili" ni wa kuuzia uanachama.

Kibano cha kupimia mikunjo ya ngozi bado kinatumika?

Ndiyo, na mikononi mwa mtu mzoefu si kibaya. Mpimaji anashika ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake kwa kidole gumba na cha shahada, anavuta vitoke kwenye misuli, anaweka kibano sentimita 1 kutoka vidoleni, anasubiri kama sekunde mbili, anasoma milimita. Njia ya Durnin na Womersley ya 1974 inachukua sehemu nne: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya bega mgongoni, na juu ya mfupa wa nyonga. Jumla inaingizwa kwenye jedwali la umri na jinsia.

Udhaifu wake ni mpimaji. Watu wawili wakimpima mtu mmoja wanaweza kutofautiana sana, na kwa mtu mnene sana mkunjo hauingii kwenye kibano. Mafuta ya ndani ya tumbo hayashikiki kwa vidole, kwa hiyo hayamo. Tunakipendekeza kwa makocha wa wanariadha waliofunzwa kukitumia. Wengine wabaki na futi.

Kipi basi ni kipimo cha kweli kabisa?

Cha kweli kabisa ni kuuchambua mwili wa marehemu. Imefanyika: Brussels, kwenye miaka ya 1980, watafiti walichambua miili 25 iliyotolewa kwa sayansi, wakapima ngozi, mafuta, misuli, viungo na mifupa kila kimoja peke yake. Vipimo vyote vinavyofanywa kwa aliye hai ni makadirio, vingine mazuri sana.

Njia ya zamani ni ya kuzamishwa majini. Mafuta yana densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, ya karibu gramu 0.9, sehemu nyingine ya mwili karibu 1.1, ukijua mtu ana uzito gani akiwa nchi kavu na akiwa amezama, unapata densiti yake, na kwa fomula ya 1961 ya mtafiti William Siri unapata mafuta. Lazima utoe pumzi yote na utulie chini ya maji, jambo ambalo wengi hawaliwezi. Pia fomula inadhani mifupa ya watu wote ni sawa, wakati watu weusi kwa wastani wana mifupa mizito zaidi, hivyo mafuta yao yanaweza kusomeka machache kuliko yalivyo. Siku hizi kuna chumba kidogo cha mfano wa yai kinachofanya hesabu hiyo hiyo kwa hewa. Unakaa ndani umevaa nguo ya kuogelea kwa dakika chache.

DXA ni kitanda cha eksirei za nguvu mbili tofauti. Unalala, mkono wa mashine unapita juu yako, na picha inatenganisha mfupa, mafuta na sehemu laini nyingine, kwa mkono, mguu na kiwiliwili kila kimoja. Mionzi yake ni kidogo sana, chini hata ya ya eksirei ya kifua. Kwetu mashine hizi ziko katika hospitali chache za miji mikubwa, na nyingi zimenunuliwa kupimia udhaifu wa mifupa. Kama daktari hajaona sababu maalumu, hatuoni haja ya wewe kulipia.

Njia tunayoipenda ni ya maji mazito. Unakunywa kipimo kidogo cha maji yenye deuteri, aina ya haidrojeni isiyo na mionzi, unasubiri saa kadhaa ichanganyike mwilini, kisha unatoa mate. Kwa kuona deuteri imezimuliwa kiasi gani, maabara inajua una maji kiasi gani, na kutoka hapo mafuta. Ni salama hata kwa watoto, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limekuwa likizisaidia nchi za Afrika kuitumia kwenye utafiti. Haipatikani kama huduma ya kawaida ya kliniki.

Asilimia ngapi ya mafuta ni nyingi mno?

Mara nyingi hutajwa zaidi ya 25 kwa wanaume na zaidi ya 35 kwa wanawake, lakini hakuna mpaka mmoja wa dunia uliokubaliwa kama ule wa BMI. Mwanamke anahitaji mafuta zaidi kwa ajili ya homoni na uzazi. Kushuka sana kunaweza kukatisha hedhi. Tunawaona mabinti wanaolinganisha asilimia zao na za kaka zao, na tunawaomba waache.

Mtoto wangu anapimwaje?

Usitumie mipaka ya watu wazima. Mtoto wa chini ya miaka mitano hulinganishwa uzito kwa urefu na viwango vya WHO vya 2006: akizidi mstari wa +2 kwenye chati ana uzito uliozidi, akizidi +3 ni kiribatumbo. Kuanzia miaka 5 hadi 19 hutumika BMI kwa umri, na mistari ni +1 na +2. Ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi kliniki (nyekundu chini ya sentimita 11.5) ni wa kutafuta utapiamlo mkali, hautumiki kusema mtoto ni mnene.

BMI ya watoto nayo ina shimo. Utafiti uliochapishwa 2018, uliopima watoto wa miaka 8 hadi 11 katika nchi nane za Afrika zikiwemo Kenya na Tanzania kwa maji mazito, ulionyesha kuwa wengi wa waliokuwa na mafuta kupita kiasi hawakuonekana kwa BMI. Kwa hiyo mtoto "wa kawaida" kwenye chati anayeshinda na soda mbele ya televisheni asiachwe hivi hivi. Na tafadhali, msimuite "bonge" mezani.

Mimi ni mjamzito / mzee / natumia ARV. Vipimo hivi vinanihusu?

Mjamzito: BMI inayotumika ni ya kabla ya mimba au ya wiki za mwanzo; kiuno kisipimwe.

Mzee: uti wa mgongo hufupika na misuli hupungua, kwa hiyo BMI inaweza kuonekana nzuri huku mafuta yameongezeka na nguvu zimekwisha. Mwangalie anavyonyanyuka kitini bila kushika kitu.

Anayetumia ARV: dawa za zamani, hasa stavudini, zilihamisha mafuta, uso na miguu vikakonda, tumbo na shingo vikajaa, na BMI haikuonyesha lolote. Stavudini imeondolewa, lakini dolutegraviri inayotumika sasa imehusishwa na kuongezeka uzito kwa baadhi ya watu, wanawake zaidi. Kiuno kipimwe kila unapochukua dawa. Wengine hufurahia kunenepa kwa kuwa wanaogopa kuonekana wamekonda na majirani kuanza kusema; tunaelewa, ila presha na sukari vipimwe. Usiache dawa kwa sababu ya uzito. Zungumza na mtoa huduma wako.

BMI yangu ni 31 lakini presha, sukari na lehemu viko sawa. Mimi ni mgonjwa?

Kwa namna ya kufikiri iliyopendekezwa Januari 2025 na tume ya wataalamu ya jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology, huenda bado. Kwanza walisema BMI peke yake isitoshe kumhukumu mtu. Ithibitishwe kwa kiuno au uwiano wake, au kwa kupima mafuta moja kwa moja. Ikizidi 40 hakuna haja ya kuthibitisha. Kisha wakatenganisha mafuta mengi yaliyokwisha kuharibu kitu, kama vile kukosa pumzi, magoti yanayokakamaa, ini au figo kuathirika, au kushindwa kuoga na kuvaa bila msaada, na mafuta mengi ambayo bado hayajaleta madhara. La kwanza ni ugonjwa wa kutibiwa sasa. La pili ni hatari ya kufuatiliwa.

Tunaukubali mtazamo huu kwa sababu unamlazimisha mhudumu amwangalie mtu, asiangalie jedwali tu. Hatari yake ni kwamba watu wataisikia nusu ya pili na kurudi nyumbani wametulia. "Bado" ina maana ya kurudi kupimwa kila mwaka.

Saa yangu na programu ya simu inayopiga picha vinatoa asilimia ya mafuta. Vipi?

Saa hutumia umeme ule ule wa mashine ya jimu, kupitia vidole. Programu ya picha inakisia kwa umbo. Vya kuburudisha.

Nina pesa kidogo. Nianzie wapi?

Uzito na urefu kituo cha afya, au hata kwa wale vijana wenye mizani stendi, mradi uvue viatu na utoe simu mfukoni. Kiuno nyumbani kwa futi au kamba. Kisha pesa iende kwenye presha na sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikibaki, lehemu. Mwenye vipimo hivi anajua mengi zaidi kuhusu afya yake kuliko mwenye karatasi ya rangi ya asilimia za mafuta asiyejua presha yake.

Nimepungua kilo. Nitajuaje kama ni mafuta au misuli?

Za wiki ya kwanza nyingi ni maji: mwili ukitumia sukari uliyoihifadhi kwenye ini na misuli, unaachia na maji yaliyoshikana nayo. Baada ya hapo angalia kiuno. Kikishuka pamoja na kilo, mafuta yanatoka. Kilo zikishuka, kiuno kikabaki, na ngazi ulizokuwa ukipanda sasa zinakuchosha, unapoteza misuli. Ongeza maharage, dagaa, mayai, na mazoezi ya kunyanyua au kusukuma kitu kizito.

Na kama kilo zimeshuka bila wewe kubadilisha chochote, hasa pamoja na kiu na mkojo mwingi, kikohozi kisichoisha, au jasho la usiku, nenda hospitali wiki hii upimwe sukari, kifua kikuu na VVU, hata kama majirani wanakusifia umependeza.